Joistiki ya mtumba: kagua sensa kabla ya kulipa

Ndugu wa Kisumu, umeuliza kama ununue joistiki ya mtumba, mpini wa kuendeshea ndege kwenye mchezo wa kompyuta. Naelewa hofu yako: joistiki uliyonayo inayumbisha ndege wakati wa kutua, na hii ya mtumba isije ikawa vilevile. Nyingi za bei nafuu hutumia potenshiomita, yaani sensa (kifaa kinachohisi mwendo wa mpini) yenye kipande kinachosugua njia ya kaboni. Kikichakaa au kuingia vumbi, ishara inarukaruka. Tafuta yenye sensa za sumaku, zisizosuguana. Joistiki ya Thrustmaster T.16000M inazo, isipokuwa kwenye kusokota mpini, na hapo ndipo huharibika mapema.

Ichomeke kwenye laptopu ya Windows, fungua joy.cpl, dirisha la Windows la kupimia vifaa vya michezo, uachilie mkono. Alama ya msalaba lazima itulie katikati. Sogeza mpini taratibu hadi pembeni, kisha usokote. Alama hiyo, au upau wa kusokota, ukitetemeka, usinunue. Kuongeza eneo lisilosikia mpini (deadzone) kwenye mipangilio kutaficha ubovu tu na kukunyima miguso midogo unayohitaji karibu na ardhi.