Wabunge, si wanachama: msamiati wa Bunge la Ontario

Swali: Ninaishi Toronto, na ninaandaa maelezo mafupi ya Kiswahili kuhusu Bunge la Ontario, jimbo la Kanada, lililokaa kuanzia 2018 hadi 2022. Nimeandika hivi: “Kikao cha arobaini na pili cha Bunge la Jimbo la Ontario kilikuwa na wanachama 124, kikiongozwa na Waziri Mkuu Doug Ford.” Mzee mmoja wa Mombasa na kijana mmoja wa Dodoma wameisoma, na kila mmoja ameielewa kivyake. Nimekosea wapi?

Jibu: Nianze na “wanachama”, kwa kuwa ndilo kosa linalopotosha zaidi. Neno la Kiingereza lililokuwa kichwani mwako, “member”, humtaja mtu wa kundi lolote lile, lakini mwanachama wetu ni mtu wa chama, awe wa ushirika, wa klabu ya mpira au wa chama cha siasa. Aliyechaguliwa kukaa bungeni ni mbunge, na neno hilo limetoshea bila kuongezewa kitu. Hapa tofauti ina uzito wa pekee, kwa sababu watu hao 124 walikuwa wabunge wa Bunge moja na papo hapo wanachama wa vyama vinne: baada ya uchaguzi wa tarehe 7 Juni 2018, Progressive Conservative walipata viti 76, NDP (New Democratic Party) 40, Liberal 7, na Chama cha Kijani kimoja, cha Mike Schreiner wa Guelph. Ukisema “wanachama 124”, msomaji ana haki ya kuuliza ni wa chama gani.

“Kikao” nacho kimebebeshwa mzigo usio wake. Katika Taarifa Rasmi za Bunge la Tanzania ngazi ni tatu: Bunge lenyewe, ambalo huhesabiwa kwa uchaguzi mkuu, Mkutano, unaoweza kuchukua wiki nyingi, na kikao, yaani siku moja ya kukaa. Unachokizungumzia ni Bunge la 42, ambalo lilikuwa na mikutano miwili, wa kwanza ulioanza Julai 2018 ukafungwa Septemba 2021, na wa pili ulioanza Oktoba mwaka huo na kwisha Bunge lilipovunjwa Mei 2022. Muda wote huo ni muhula. Tena namba yenyewe isomwe “la arobaini na mbili”. “Pili” husimama peke yake katika kuhesabu kwa mfuatano, haiungani na makumi, na ndiyo maana husikii “Bunge la Kumi na Pili”.

Sasa tufike kwenye uongozi, ambako nadhani wasomaji wako wawili walipoachana. Bunge haliongozwi na mkuu wa serikali. Linaongozwa na Spika. Katika muhula huo Spika alikuwa Ted Arnott, aliyechaguliwa na wabunge wenzake Julai 2018. Doug Ford aliongoza serikali, na Andrea Horwath wa NDP aliongoza upinzani. Kauli “kikiongozwa na” inamnyang'anya Arnott kiti na kumpa Ford, jambo ambalo sidhani ulilikusudia.

Cheo cha Ford ni swali gumu zaidi, nami nina msimamo juu yake. Vyombo vingi vya habari humwita mtu wa nafasi hiyo “waziri mkuu wa jimbo”, na si kosa; lakini katika miaka hiyohiyo minne Kanada ilikuwa na Waziri Mkuu wake huko Ottawa, Justin Trudeau, na maelezo yenye mawaziri wakuu wawili humchosha msomaji. Kiswahili kilikwisha kulitatua tatizo hili Zanzibar. Tangu 1983 hadi 2010, wakati Tanzania ikiwa na Waziri Mkuu wake, Zanzibar ilikuwa na Waziri Kiongozi. Seif Sharif Hamad alikishika cheo hicho katika miaka ya themanini, na Shamsi Vuai Nahodha ndiye aliyekuwa wa mwisho. Serikali ndani ya serikali kubwa, mkuu wake akitokana na mawaziri: ndivyo hasa ilivyo Ontario. Mimi ningeandika “Waziri Kiongozi Doug Ford” bila kusita, nikifafanua mara moja tu mwanzoni.

“Jimbo” ni sahihi kwa Ontario, kama tusemavyo jimbo la Kivu Kaskazini kule Kongo, ila kijana wa Dodoma anapolisikia huwaza jimbo la uchaguzi. Kwake, “mbunge wa jimbo” ni yule aliyepigiwa kura jimboni, tofauti na wa viti maalumu, na “jimbo la Ontario lina majimbo 124” ni kitendawili kisicho na jawabu. Hapo azima kutoka Kenya: eneobunge, wingi wake maeneobunge. Ford alikuwa mbunge wa eneobunge la Etobicoke North, lililomo katika jimbo la Ontario, na hakuna atakayepotea njia.

Kuna mtego mwingine, ambao huenda utakutana nao ukiendelea kuandika. Januari 2021 mbunge Roman Baber aliondolewa katika kundi la wabunge wa Progressive Conservative kwa kupinga hadharani amri za kufunga shughuli wakati wa korona, na Agosti mwaka huo Rick Nicholls, aliyekuwa Naibu Spika, aliondolewa kwa kukataa chanjo. Ukiandika “alifukuzwa chama” na kuishia hapo, Mtanzania ataamini kwamba kiti kilibaki wazi, kwa kuwa kwao mbunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama chake hupoteza na ubunge. Ontario hawapotezi. Ongeza, basi, maneno machache: “akabaki bungeni kama mbunge wa kujitegemea.”

Mwakilishi wa Malkia wa wakati huo, Elizabeth Dowdeswell, usimwite “Naibu Gavana”, maana Mkenya atamwona mtu aliyechaguliwa pamoja na gavana wa kaunti. “Luteni Gavana, mwakilishi wa Malkia” inatosha. Na msimamizi wa nidhamu ya wabunge wa chama, Kenya ni kiranja na Tanzania ni mnadhimu. Chagua moja usichanganye.

Sentensi yako ningeiandika hivi: “Bunge la 42 la Jimbo la Ontario (2018–2022) lilikuwa na wabunge 124 chini ya Spika Ted Arnott, serikali iliongozwa na Waziri Kiongozi Doug Ford wa chama cha Progressive Conservative, na upinzani na Andrea Horwath wa NDP.” Ukiisoma kwa sauti mbele ya watu, wabunge ni mia moja ishirini na wanne, lakini ukitaja viti ni mia moja ishirini na vinne. Wale 76 na 7 hawakusumbui, kwa sababu sita na saba hazibadiliki.