Ukitaka Siasa Kwenye Filamu ya Mapigano, Anza na Fomu

Msomaji mmoja amenitumia muswada wake wa kurasa 96 pamoja na swali moja: kwa nini kila anayeusoma anausifia ujumbe, halafu hakuna anayetaka kuutengeneza? Hadithi ni ya mwaka 2140. Roboti zinakusanya ushuru mitaani, mtawala anaitwa Rais Jeuri, mji unaitwa Unyonge, na kwenye ukurasa wa 84 steringi anapanda juu ya kifaru kilichoungua na kuhutubia mpaka ukurasa wa 87. Ameniruhusu nimjibu hadharani, na nashukuru, maana miswada ya aina hii ni mingi na ugonjwa wake ni mmoja.

Muswada uliopangwa kwa utaratibu wa kawaida, kwa herufi za Courier za ukubwa wa 12, hutoa takribani dakika moja ya picha kwa kila ukurasa. Hotuba ile basi ni dakika tatu. Kwa dakika tatu nzima maadui wenye bunduki wanasubiri mtu amalize kuongea. Mtazamaji aliyekuwa ameshikilia kiti anakiachia, kwa sababu ameshajua hakuna risasi itakayopigwa mpaka mwandishi atosheke. Ndiyo maana wanausifia ujumbe: hawakubakiwa na kingine cha kusifia.

Siasa yenyewe haina kosa. Filamu za kisayansi zimebeba siasa tangu zamani na zimeibeba vizuri. Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kisiwani Bikini, na majivu ya mionzi yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa kwenye mashua yao. Novemba mwaka huohuo Gojira, filamu ya jitu la baharini lililoamshwa na mabomu (Godzilla), ilikuwa kwenye kumbi za sinema za Japani, na inaanza na chombo kinachoteketea baharini. Onyo la wazi kuhusu majaribio ya mabomu limewekwa mwishoni kabisa, sentensi chache tu, kinywani mwa mwanasayansi mzee. Kilichokaa kwenye kumbukumbu za watu ni chombo na jiji linaloungua.

Somo zuri zaidi ninalolijua ni kuzitazama pamoja filamu mbili za mwongozaji mmoja, Neill Blomkamp, mzaliwa wa Johannesburg: District 9 ya 2009 na Elysium ya 2013. Ya kwanza iligharimu takribani dola milioni 30, ya pili takribani milioni 115. Zote mbili zinazungumzia waliofungiwa nje. Moja inafanya kazi kwa muda mrefu sana, nyingine inachoka katikati, na sababu zinaonekana kwa macho.

Historia iliyo chini ya District 9 ni ya Cape Town. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya makaburu ilitangaza kuwa mtaa wa District Six ni wa wazungu pekee, na watu zaidi ya 60,000 wakaishia kuhamishiwa Cape Flats. Filamu haisimulii hayo. Inamtuma karani mmoja, Wikus van de Merwe, apite mlango kwa mlango kwenye vibanda vya viumbe wa anga akiwa na fomu za kuwahamisha zinazotakiwa kusainiwa. Kiumbe mmoja anaipiga fomu kwa mkono, na Wikus anasema alama ile inatosha kuwa saini. Mwingine, Christopher, anaisoma na kukumbusha kuwa sheria inampa notisi ya saa 24. Papo hapo Wikus anageuka na kumtishia kwamba atanyang'anywa mtoto. Kibanda chenye mayai kinachomwa moto, na Wikus anaieleza kamera kwa uchangamfu kwamba mayai yanapasuka kama bisi. Hakuna aliyesimama kueleza ubaguzi ni nini. Ukatili umewekwa ndani ya siku ya kawaida ya kazi, mikononi mwa mtu anayetaka kumfurahisha bosi wake, na mtazamaji anaubeba mwenyewe hadi nyumbani.

Halafu kuna kanuni ya silaha, na hapa ndipo ningependa kila mwandishi asome polepole. Bunduki za viumbe hao hazifyatuki mikononi mwa binadamu. Zinahitaji mwili wenye vinasaba vyao. Wikus akishaambukizwa na mkono wake kuanza kubadilika, ghafla anaweza kuzifyatua. Kampuni iliyomwajiri inaanza kumtaka kama nyama ya maabara. Kwa kanuni hiyo moja mwandishi amepata vitu vitatu: sababu ya kampuni kuwashikilia viumbe, sababu ya mbio na mapigano yote yanayofuata, na hoja ya kisiasa kwamba mwili wa mtu unaweza kupangiwa bei. Kila risasi inayopigwa ni sehemu ya hoja. Huhitaji hotuba, kwa sababu mapigano yenyewe yanahutubia.

Elysium ina mwanzo imara. Matajiri wamehamia kituo kinachoelea angani, masikini wamebaki Los Angeles iliyochakaa, na huko juu kuna vitanda vinavyotibu kila ugonjwa kwa sekunde chache. Max anapigwa na mionzi kiwandani na anabakiwa na siku tano. Mpaka hapo ni safi: kuna kazi, kuna msimamizi, kuna saa inayohesabu. Tatizo linakuja ukiuliza swali la mtoto: kwa nini wanawanyima? Mwishoni tunaonyeshwa vyombo vyenye vitanda hivyo vikishuka duniani mara tu kompyuta inapoandika kuwa kila mtu ni raia. Vilikuwepo, tayari, na hatuoneshwi wanapoteza nini kwa kuvitoa. Uovu usio na faida kwa mwovu ni uovu wa kwenye bango. Tena Delacourt, waziri anayebeba upande wa kisiasa, anauawa na Kruger, mamluki wake mwenyewe, na robo ya mwisho inabaki kuwa watu wawili wanaopigana ndani ya mavazi ya chuma. Hoja imekufa pamoja na waziri. Na katikati amewekwa binti mdogo mwenye saratani ya damu ili tusiwe na nafasi ya kufikiri. Mtoto mgonjwa anamliza mtazamaji, lakini hathibitishi lolote kuhusu mpangilio wa dunia ile.

Sasa kazi ya mikono. Chapisha muswada, chukua kalamu mbili za rangi. Kwa nyekundu piga mstari chini ya kila neno la dhana linalotamkwa na mhusika: uhuru, haki, mfumo, wanyonge, ukandamizaji, tabaka. Kwa bluu zungushia kila kitu kinachoshikika ambacho dhana hiyo inapitia: kitambulisho, mhuri, foleni, geti, risiti, mita, bei. Kwenye muswada wa kurasa 90 mimi huacha maneno mekundu yasiyozidi matatu, na angalau moja nalitia kinywani mwa mtu tusiyemwamini. Ukurasa wenye nyekundu bila bluu uandike upya. Anza kwa kujibu maswali ya karani: nani anagonga mhuri, dirisha linafungwa saa ngapi, ada ni kiasi gani, asiye na karatasi anafanywa nini, na nani analipwa kwa kumfanya hivyo. Jibu la swali la mwisho ndilo adui wako. Rais Jeuri si adui, ni jina tu. Msimamizi wa kituo cha ushuru ambaye posho yake inapanda kwa kila kibanda kinachofungwa, huyo ni adui.

Mapigano nayo yapangwe hivyohivyo. Kila pambano liwe la kugombea kimojawapo cha vitu vya bluu, na likiisha kitu hicho kiwe kimebadilisha mkono au kimeharibika. Pambano ambalo unaweza kulitoa bila daftari la ushuru kuhama ni pambano la kutoa. Hapa wengi hukwama, maana pambano walipendalo huwa ndilo hilo.

Kisha chora safu mbili. Kushoto kitu cha kwenye filamu, kulia kitu cha kweli unachokilenga. Kila mstari ukipata mwenzake, umeandika kitendawili chenye jibu moja, na mtazamaji akishalitaja jibu dakika ya kumi hana sababu ya kuendelea kukaa. Vunja mistari miwili au mitatu. Viumbe wa District 9 walikuja kwa chombo kikubwa na silaha kali kuliko zetu. Hilo halilingani na wakazi wa District Six, na kutolingana huko ndiko kulikoiruhusu filamu izungumzie pia wahamiaji wa Afrika Kusini ya leo. Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni nchini humo yaliua watu zaidi ya 60, na mwaka uliofuata filamu ilipotoka hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Filamu hiyohiyo lakini ilijikwaa vibaya, na lazima tuseme. Wanigeria ndani yake ni genge la wauza silaha, makahaba na wala nyama za viumbe kwa ushirikina, na kiongozi wao amepewa jina la Obesandjo, karibu sawa na la Rais mstaafu Obasanjo. Septemba 2009 waziri wa habari wa Nigeria, Dora Akunyili, alitaka kumbi za nchi yake ziache kuionyesha, na kwa upande huo namuunga mkono kabisa. Fumbo la kutetea wageni liliwachukua wageni halisi, wenye nchi na jina, likawafanya wanyama. Kagua hilo kabla hujapiga picha: orodhesha kila kabila, taifa na dini inayotajwa kwa jina halisi, kisha tazama kila mmoja amepewa angalau mtu mmoja mwenye akili na sababu zake. Kama hakuna, ondoa jina au andika huyo mtu.

Kosa la upande wa pili ni fumbo lisilosema adui ni nani hasa. Filamu ya They Live ya John Carpenter, ya 1988, ina miwani inayofichua viumbe wanaotawala kwa siri, pamoja na maagizo yao ya kutii na kununua yaliyofichwa kwenye mabango. Carpenter alikuwa analenga ubepari usio na breki. Januari 2017 alilazimika kukanusha hadharani madai ya wabaguzi kwamba filamu inawahusu Wayahudi. Adui wa siri anayetawala kila kitu ni kiti kitupu, na mwenye chuki yake atamkalisha amtakaye. Dawa ni ileile: mpe adui kazi, mshahara na ofisi.

Kwetu kuna jaribio ambalo wengine hawana. Filamu nyingi za mapigano watu wanazitazama kibandani, zimetafsiriwa na mtu kama DJ Afro wa Kenya, ambaye husimulia juu ya sauti za wahusika na kuongeza yake. Hotuba zako hazitafika huko. Kaa na rafiki asiyejua hadithi, muoneshe picha ulizochora au mazoezi uliyorekodi kwa simu, zima sauti, muulize nani anamdai nani nini. Akikosea, rekebisha kitendo, usiongeze mazungumzo.

Wala usiniambie bajeti hairuhusu. Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya 2009, ina urefu wa dakika ishirini hivi. Ndani yake jasho na mkojo husafishwa ili vinywewe tena, ndoto huzuiwa kwa vidonge, na mwanamke mmoja anatafuta mahali pa kuotesha mbegu. Mgawo wa maji ndiyo siasa yote, na chupa ni ya bei nafuu kuliko kifaru.

Mwisho, wapo wanaoandika kwa mafumbo wakidhani wanaikwepa Bodi ya Filamu. Tanzania muswada hupelekwa kabla ya kupiga picha, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, na msomaji yeyote huanza kwenye orodha ya wahusika. Majina kama Jeuri na Unyonge yanamwambia kila kitu kabla ya ukurasa wa kwanza. Badilisha majina leo, kisha andika muhtasari wa ukurasa mmoja usiotaja chochote cha safu ya kulia. Ukishindwa kuujaza ukurasa huo, usirudi kwenye hotuba. Rudi dirishani kwa karani na uandike tukio la foleni.