Inama Matopeni Umwone Mungu

Mkristo akitaka kuutafakari utukufu wa Mungu katika uumbaji, mara nyingi huinua macho juu: kilele cha Kilimanjaro, nyota, radi za masika. Ni sawa kabisa, maana hata Zaburi ya 19 inaanzia mbinguni. Ila mimi naishi Bagamoyo, na mengi niliyoyajua kuhusu tabia ya Mungu nimeyapata kwa kuinama matopeni, kwenye mikoko ya Kaole. Kwa hiyo nakushauri uchague kitu kimoja kilicho karibu nawe, ukirudie mara kwa mara. Usingoje safari ya mbugani.

Chukua mkoko wenyewe. Mbegu yake huota ikiwa bado inaning'inia tawini. Hurefuka ikawa fimbo ya kijani, mara nyingi zaidi ya sentimita 40, na muda wote huo inalishwa na mti mama. Ikikomaa ndipo huachiwa. Ikidondoka maji yamekupwa, yaweza kujichoma topeni palepale. Yakiwa yamejaa, huelea hadi ipate pa kushika mizizi. Niliushika mche wa namna hiyo wakati nina ombi ambalo nilikuwa nimeliombea hadi nikachoka. Nikajiuliza: ikiwa Mungu haruhusu hata mche wa matopeni ukutane na chumvi kabla haujawa tayari, kwa nini nihesabu kukawia kwake kuwa ni kunisahau? Ombi halikujibiwa siku ile. Nilichopata ni kuweza kuomba tena.

Kisha lamba jani la mchu, aina nyingine ya mkoko. Utaonja chumvi, kwa sababu mti huo hunyonya maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Pale ambapo mwembe ungekauka, Mungu ameweka kiumbe kinachostawi, na chini yake kamba na kaa wamepata makao.

Wavuvi nao wana somo lao. Wanajua kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa sana, na kwamba maji ya leo yatajaa baadaye kidogo kuliko ya jana. Wanapanga riziki yao juu ya uaminifu huo, hata asiyesali. Paulo aliwaambia watu wa Listra kwamba Mungu hakujiacha pasipo ushuhuda, akawatajia mvua na misimu ya mazao. Pwani angewatajia na kupwa na kujaa.

Lakini nenda na Biblia, na hili nalisisitiza kwa moyo wote. Warumi 1:20 inasema kazi za Mungu zinaonyesha uweza wake wa milele na Uungu wake. Haisemi zinaonyesha msamaha. Mti haujawahi kumwambia mtu kwamba dhambi zake zimefutwa. Habari hiyo ilitoka Golgotha. Anayesoma uumbaji peke yake atamjua Mungu mwenye nguvu na mpangilio, akabaki bila kujua kama Mungu huyo anampenda yeye.

Tena bahari hiihii huua. Mtaani kwetu kuna nyumba ambazo baba alitoka na ngalawa asirudi. Ukimkuta mjane wa namna hiyo, usimhubirie uzuri wa mawimbi. Kaa naye. Kama atataka neno, msomee Warumi 8:22, kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja nasi, halafu Marko 4, ambapo Yesu yumo chomboni pamoja na wanafunzi wakati dhoruba inapiga.

Ukiamua kwenda, uliza wavuvi saa ya maji kupwa, na vaa viatu vya kufungwa kwa sababu ya chaza. Zima simu. Wapeleke watoto pia, uwaache waulize maswali yao kwanza kabla hujawatajia mstari wowote. Na mkikuta mche umelala umekauka juu ya mchanga, msiupite, uchomekeni topeni.