Kabla hujaikabidhi simu yako kwa watu wa waranti

Simu yangu ilikuwa na miezi 7 ilipoanza kuzima yenyewe. Unaongea na mtu, chaji iko asilimia 40, mara kioo cheusi. Sikuhangaika. Waranti ilikuwa ya mwaka mzima, risiti ninayo, boksi lipo juu ya kabati. Nikaenda kituo cha huduma kifua mbele.

Siku ya 11 nikapigiwa nikaichukue. Kwenye karatasi wameandika: "Imeingia maji. Nje ya waranti." Mhudumu akanionyesha picha ya kidoa chekundu ndani ya simu. Simu ile haijawahi kulowa mikononi mwangu, lakini ningethibitisha vipi? Siku naikabidhi kidoa kilikuwa chekundu au cheupe? Sikujua hata kama kipo.

Basi kijue. Ni stika ndogo nyeupe ambayo ikiguswa na maji hugeuka nyekundu. Simu nyingi zina moja ndani ya tundu la laini: chomoa kitrei, mulika kwa tochi, utaiona. Siku hizi sikabidhi simu kabla sijaipiga picha stika hiyo pale pale kaunta, mhudumu akiniona. Napiga pia kioo, kona zote nne na tundu la chaji. Kisha nabonyeza *#06# na kulinganisha IMEI (namba ya utambulisho wa simu) inayotokea na ile waliyoandika kwenye fomu, tarakimu kwa tarakimu.

Fomu yenyewe ndiyo iliyoniponza. Mhudumu aliandika "haiwaki", nami nikasaini huku nikiangalia saa. "Haiwaki" inabeba kila kitu, hata kudumbukia kisimani. Mwambie aandike ugonjwa ulivyo: inazima yenyewe chaji ikiwa asilimia 40, kioo kizima, haina dalili ya maji. Akigoma, watumie barua pepe yenye maneno hayo hayo kabla hujatoka mlangoni. (Na picha zako za familia zihamishe kwanza. Simu hurudi imefutwa, na hakuna wa kumlaumu.)

Kinachonikera zaidi ni tangazo. Kampuni hiyo hiyo iliyotengeneza simu iliinadi kwa picha ya simu iliyozama majini, na IP68, alama ya kiwango cha kuzuia vumbi na maji, kwa herufi kubwa. Ile 6 ni ya vumbi, 8 ni ya maji, na vipimo hufanyiwa maabara kwa maji yasiyo na chumvi wala sabuni, simu ikiwa mpya. Mpira unaoziba maji huchakaa. Ukigeuza upande wa pili, waranti inasema madhara ya maji hayahusiki. Yaani maji ni ya kuuzia tu.

Jambo jingine nililochelewa kulijua: waranti ya kampuni ni ahadi yao wenyewe, na sheria ni kitu kingine. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, humbana muuzaji kwa miaka 2 bidhaa ikiwa na kasoro, na kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza huhesabiwa ilikuwepo tangu mwanzo, mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Marekani nako, mwaka 2018, tume ya biashara FTC ilizionya kampuni 6 zilizokuwa zikiwaambia wateja kwamba waranti inakufa wakitumia vipuri au mafundi wengine, au wakichana stika ya kufungia kifaa. Kwa hiyo ile stika ya "ukichana, umepoteza waranti" si amri ya Mungu. Soma sheria ya unakoishi, na barua ya kwanza mwandikie aliyekuuzia. Yeye ndiye aliyepokea hela yako.

Mimi nilimwandikia muuzaji, nakala kwa kampuni, nikiomba kitu kimoja tu: picha ya kidoa kile iliyopigwa siku mliyoipokea simu. Kimya. Nikaandika tena, kimya. Barua ya tatu nikaambatanisha kifungu cha sheria na tarehe ya mwisho ya kunijibu. Siku mbili baadaye nikapigiwa: watatengeneza bure, "kama hisani kwa mteja". Hisani, kwa simu niliyoinunua mwenyewe!

Walibadilisha betri, na haijazima tena. Jana nilichomoa kitrei nikamulika. Kidoa bado chekundu.