Kabla hujanunua spana, tazama sakafu

Februari ile mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, nami nimeshaamua kwamba pedi za breki nitabadilisha mwenyewe. Gari liko juu ya jeki, tairi la mbele kulia limetoka, mimi nimepiga goti napapasa bolti ya kalipa, kile kishikio cha pedi. Nikasikia mlio mdogo, kama wa mtu anayechomoa mguu kwenye tope. Jeki ilikuwa inazama. Niliruka nyuma. Gari likashuka taratibu, likalala upande, diski ya breki ikajikita kwenye udongo palepale lilipokuwa goti langu.

Sikuumia, ila nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kwa muda mrefu. Mbele yangu ukutani kulikuwa na seti nzima ya spana zinazong'aa, grinda mpya, drili na taa ya kuvaa kichwani. Nilikuwa nimetumia karibu mwaka mzima kununua vitu hivyo. Sakafu ilikuwa udongo mtupu.

Mimi si fundi. Jumatatu hadi Ijumaa niko ofisini mjini, na banda la gari nyuma ya nyumba yetu huku Isyesye, Mbeya, ndiyo raha yangu ya Jumamosi. Nimelijenga, nikalibomoa na kulirekebisha kwa miaka sita sasa. Wenzangu kadhaa wameanza mabanda yao na swali la kwanza ni lilelile: ninunue mashine gani? Jibu langu huwaudhi. Ukiwa Mbeya, Iringa, Njombe au Makambako, adui wa kwanza wa banda lako ni unyevu, wa pili ni baridi. Mashine zinaweza kusubiri. Hapa kwetu tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua inaingia Novemba na haituachi mpaka Aprili au Mei, na ikikatika tu Juni inakuja na koti lake. Ushauri wa mtu aliye Dodoma hautakusaidia sana.

Basi tuanze chini. Udongo wetu mweusi ni mzuri kwa viazi na mbaya kwa jeki. Niliuchimba wote wa juu, karibu sentimita 25, mpaka nikafika kwenye udongo mgumu. Nikajaza mawe, juu yake moramu, ule udongo wa changarawe, nikashindilia kidogo kidogo huku nikinyunyiza maji. Usimwage moramu yote kwa mpigo halafu ukashindilia juu. Utapata ganda gumu lililokalia uji. Kisha nikatandika nailoni nene, kipande kimoja kikipanda juu ya kingine angalau sentimita 20. Nailoni hii watu wengi huiruka kwa sababu haionekani kazi ikiisha, na ndiyo inayozuia maji ya ardhini yasipande kupitia zege kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi.

Zege nililichanganya kwa ndoo: moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Banda langu ni mita 6 kwa 3.5, jamvi, yaani bamba lote la zege la sakafu, la unene wa sentimita 10, na mifuko 14 ya saruji ya kilo 50 ilitosha. Maji yasizidi. Vijana niliowaita kunisaidia walitaka zege la kumiminika kwa sababu linasambazika bila jasho, na nikawaelewa, lakini zege lililojaa maji likikauka hupasuka na kutoa vumbi milele. Liwe zito, ulisukume kwa koleo.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa. Sakafu ya banda inatakiwa ishuke kuelekea mlangoni, sentimita 1 kwa kila mita, ili maji yanayodondoka kwenye gari yatoke yenyewe. Kwa mita 6 ni sentimita 6 tu, na nilijiambia kwamba kitu kidogo hivyo jicho linakiona. Jicho halikioni. Kiwanja chenyewe kinateremka upande mwingine, kwa hiyo nilichokiona kuwa mteremko wa kutoka kilikuwa mteremko wa kuingia. Mvua ya kwanza ilinikuta na dimbwi chini ya meza ya kazi, na nikatumia wikendi tatu na tindo mkononi kuvunja upande wa mlangoni niurudie.

Safari ya pili nilitumia mpira wa maji. Ni ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita kumi hivi, ujaze maji na uhakikishe hakuna povu lililokwama katikati. Shika ncha moja ukutani ndani, mwenzako ashike nyingine mlangoni. Maji yakitulia, pande zote mbili yako usawa mmoja, hata kama hamuonani. Weka alama kwa penseli, kisha upande wa mlango pima kushuka sentimita 6, piga uzi. Pima maji ya mkononi ya sentimita 60 haiwezi kukupa hili kwa mita sita. Kosa dogo linajirudia kila unapoihamisha.

Ukishamwaga, lilinde. Watu huogopa mvua ikinyesha juu ya zege jipya, lakini kwetu kuanzia Julai upepo mkavu ndio unaoliharibu zaidi. Nililifunika kwa magunia na kuyalowanisha asubuhi na jioni kwa siku saba. Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tukuyu, akasimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akanitazama nikizunguka na ndoo. “Mwanangu,” akasema, “na hicho kitaota lini?” Gari nililiacha nje mpaka siku 28 zikaisha. Jambo moja zaidi: likate jamvi katikati kwa mstari kabla halijakomaa, robo ya unene wake. Zege litapasuka tu. Afadhali lipasuke pale ulipoliambia.

Kama tayari unayo sakafu na hujui kama inapitisha maji, bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kingo zote zizibwe kwa utepe wa kunata, ukiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone upande wa chini, usipoteze rangi ya sakafu hapo. Itabanduka.

Nilipomaliza chini nikadhani nimemaliza. Juni ile nikafungua boksi la randa na patasi nikakuta zimevaa kutu nyekundu kama zilitolewa ziwani. Mvua ilikuwa imekatika muda mrefu, paa halivuji. Nilikuja kuligundua siku niliyoingia saa kumi na moja alfajiri kuchukua jembe: bati lote lilikuwa linatoka jasho, tone baada ya tone, likianguka moja kwa moja mezani. Usiku wa anga jeupe bati hupoa kuliko hewa iliyo chini yake, na unyevu wote uliomo ndani, wa gari lililoingia limelowa, wa kuta, wa pumzi yako, hugeuka matone pale. Na mimi, kwa kuogopa baridi, nilikuwa nimeziba kila upenyo kwa viroba na saruji.

Nilizibua. Matundu chini karibu na sakafu ukuta mmoja, na mengine juu karibu na kenchi ukuta wa pili, yote yakiwa na wavu wa kuzuia panya. Ndani pakawa baridi zaidi, kweli. Lakini jasho likapungua sana, na nilipopata mbao nikapiga dari jepesi juu ya meza ya kazi tu, si banda zima. Zana zenyewe sasa ziko kwenye kabati la mbao lenye mlango, haziguswi na ukuta, na kila Jumamosi jioni nazifuta kwa kitambaa chenye oili. Nikisahau wiki mbili, naliona kosa langu kwa macho.

Kuhusu mbao tuna bahati ya kuwa jirani na Mafinga. Msitu wa Sao Hill pale Mufindi ndio shamba la miti kubwa kuliko yote ya serikali nchini, na paini yake imejaa kwenye maduka ya mbao. Bahati hiyo ina mtego: mbao nyingi unazouziwa zimetoka kwenye msumeno juzi. Nilitengeneza meza ya kazi kwa mbao za namna hiyo, miguu ya inchi 2 kwa 4, juu inchi 2 kwa 6, nikaipima kona zote zikawa sawasawa. Miezi mitatu baadaye ilikuwa imesimama kwa miguu mitatu, na kati ya ubao na ubao ungeweza kupitisha kidole. Siku hizi nikinunua nashika mbao mbili za ukubwa mmoja, moja kila mkono. Iliyo nzito zaidi ndiyo yenye maji. Nikipigilia msumari nikaona unyevu unachungulia pembeni yake, naiacha. Nilizonunua nazipanga kivulini, vijiti vikizitenganisha ili hewa ipite, mawe mazito juu, na nazisahau kwa miezi. Inachosha kusubiri. Meza ya pili haijatikisika.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana mengine yote yanaharibu mali tu. Usiingize jiko la mkaa kwenye banda lililofungwa. Najua baridi ya Julai saa mbili usiku ikoje, vidole havishiki hata nati. Mimi nililiwasha nje, likashika vizuri, likaacha kutoa moshi, ndipo nikaliingiza na kufunga mlango nikiamini moshi ndio mbaya. Baada ya muda kichwa kikawa kizito. Nikawa nashika spana ya 14 na kuirudisha, naishika tena, sikumbuki nilikuwa nafungua nini. Mke wangu alikuja kuniita chakula, akafungua mlango, nikasimama nikayumba mpaka nikashika kioo cha gari. Akanitoa nje kwa mkono kama mtoto. Mkaa uliokolea hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu yako huku wewe ukidhani ni uchovu tu. Injini inayounguruma ndani ya banda hufanya vilevile, kwa kasi zaidi. Vaa sweta mbili, kofia ya sufu, chemsha chai, au ahirisha kazi hadi mchana. Na petroli isikae banda moja na grinda, cheche hazichagui pa kuangukia.

Umeme nitasema machache kwa sababu sikuufanya mwenyewe, na wewe usiufanye. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Mwambie mapema kama unakusudia kuwa na mashine ya kuchomelea, ili akuwekee laini yake yenyewe yenye waya mnene na breka yake, isiunganishwe na soketi za sebuleni. Hakikisha ethi, waya wa kwenda ardhini, ipo, tena kwenye sakafu kama yetu ambayo wakati wa masika unasimama na viatu vilivyolowa. Soketi ziwe juu, usawa wa kiuno.

Zana nunua kadiri kazi inavyozidai. Sokoni Mwanjelwa na kwa mafundi wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, utapata za mitumba ambazo chuma chake ni kizuri kuliko mpya za bei chee; angalia mdomo wa spana kama umepanuka, na taya za vaisi kama zinakutana sawasawa. Jeki inunuliwe pamoja na stendi zake mbili, na gari likishainuliwa likae kwenye stendi. Usiliweke juu ya matofali. Tofali linabeba nyumba kwa sababu mzigo umeenea. Ncha moja ya chasisi ikilikalia linapasuka bila kukutaarifu. Halafu kuna hili la fuawe, kile chuma kizito cha kupondea vyuma vingine: kila mtu mwenye banda mjini hapa anaota kipande cha reli. Reli ile ni ya TAZARA, njia ya treni ya Tanzania na Zambia, na anayekuuzia hakuipata kwa njia unayoweza kuieleza polisi. Barabara ya Tunduma inapitisha malori usiku na mchana, na malori hufa. Nilinunua kwenye vyuma chakavu ngoma ya breki ya lori, nikaipindua juu ya gogo la mkaratusi, na ninaponyooshea chuma juu yake majirani wote wanajua niko nyumbani.

Kilichobaki ni mlango. Ni wa mbao, mabawa mawili, na kuanzia Januari bawa la kushoto linakwama chini mpaka nilipige teke. Mwaka wa kwanza nilichukua randa mwezi wa pili nikalikwangua hadi likafunga vizuri. Agosti pengo lake likapitisha paka. Kwa hiyo sasa nimechora kwa chaki mahali linapogusa, sijalikwangua. Nasubiri Septemba, mbao ikikauka kabisa, nione alama ya chaki imebaki umbali gani na fremu. Nitalitoa kwenye bawaba, nipunguze nusu ya kinachohitajika, kisha nipake rangi ukingo wa chini na wa juu, ambao fundi wa kwanza hakuugusa kabisa kwa kuwa hakuna anayeuona. Kwa sasa nalipiga teke.