Ukienda kudai nafuu ya deni la Bodi, nenda na slipu

Wadogo zangu mliochaguliwa majuzi kuwa makatibu na wajumbe wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, na nyinyi mliomaliza chuo na kuanzisha makundi ya kudai nafuu ya mikopo ya elimu ya juu: hongereni, na poleni. Mimi nipo kwenye uwakilishi wa wafanyakazi tangu Bodi ya Mikopo inakata asilimia 8 ya mshahara. Yafuatayo ni mambo ninayoona kila kundi jipya linayajua ikiwa limeshachelewa.

Kwenye mkutano wa kwanza atasimama mtu aseme tudai madeni yote yafutwe, na ukumbi utalipuka kwa makofi. Mwacheni apigiwe. Halafu mumuulize swali ambalo ofisa wa wizara atawauliza kabla hamjakaa vizuri kwenye viti: mwaka wa kwanza wanaoingia chuo muhula ujao watasoma kwa fedha ipi? Bajeti ya mikopo ya mwaka 2023/24 ilipita shilingi bilioni 700, na sehemu yake ni marejesho yetu sisi. Bumu, ile fedha ya kujikimu analolisubiri kijana wa chuo cha Mlimani au Mzumbe, lina jasho la mwalimu wa Kibondo ndani yake. Msipokuwa na jibu la hilo, kikao kitaisha kwa chai na ahadi ya "tumelipokea".

Kwa hiyo dai liwe dogo na liwe na namba. Na namba inaanzia kwenye slipu ya mshahara.

Chukueni mtumishi wa mshahara wa 700,000. Mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, PSSSF, asilimia 5 ni 35,000. Bima ya afya asilimia 3 ni 21,000. Ada ya chama cha wafanyakazi asilimia 2 ni 14,000. Kodi ya mshahara ni 49,000. Bodi asilimia 15 ni 105,000. Zinabaki 476,000. Angalieni mistari hiyo vizuri: Bodi ndiyo kubwa kuliko yote, ni zaidi ya kodi mara mbili. Mbunge niliyemwonyesha karatasi kama hii alirudia kuisoma huku kidole kikiwa kwenye mstari huo mmoja. Maneno yangu ya dakika kumi kabla ya hapo hayakuwa yamemfikia.

Lakini chagueni slipu kwa akili. Wenzetu wengi wana mkopo wa benki, na slipu yao ikifika mezani inaonyesha mtu anabakiwa na theluthi moja tu ya mshahara, ile inayolindwa na utaratibu wa utumishi. Mtadhani ni ushahidi mzito. Ofisa ataangalia mstari wa benki, atatabasamu, atasema, "Huyu amejikopea mwenyewe." Hapo mazungumzo yameshahama kutoka kwenye Bodi hadi kwenye nidhamu ya matumizi ya walimu, na hamtayarudisha. Slipu safi, isiyo na benki, inauma zaidi.

Sasa historia, maana mtu asiyejua tulikotoka anadai kilichokwishatolewa. Sheria ya Bodi ni ya mwaka 2004, na kazi ikaanza 2005. Kwa miaka mingi kiwango cha makato kilikuwa asilimia 8. Mwaka 2016 Bunge likarekebisha sheria, kikawa asilimia 15, na kikawakuta hata waliosaini mikataba yao zamani. Wakati huohuo kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka juu ya deni lililobaki, na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa.

Hiyo asilimia 6 ndiyo iliyokuwa inatutia wazimu. Mwenye deni la milioni 12 alikuwa anaongezewa 720,000 kwa mwaka. Kwa mshahara ule wa 700,000, asilimia 8 ilikuwa inampunguzia 56,000 kwa mwezi, yaani 672,000 kwa mwaka. Fanyeni hesabu. Mtu anakatwa kila mwezi bila kukosa, mwaka unaisha, deni limepanda kwa 48,000. Watu walikuwa wanadhani Bodi imekosea, wanapanga foleni kulalamika, kumbe mashine inahesabu sawasawa kabisa.

Tarehe 1 Mei 2021, Mwanza, kwenye sherehe za Mei Mosi, Rais Samia alitangaza kuifuta tozo hiyo, siku ileile aliyotangaza kushusha kiwango cha chini cha kodi ya mshahara kutoka asilimia 9 hadi 8. Adhabu ya asilimia 10 nayo ikaondolewa mwaka huohuo. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeisema tozo ile kwa miaka, kwa namba ileile, mpaka ikawa inajulikana hata kwa wasio na mkopo. Serikali iliweza kuiondoa bila kumsamehe mtu yeyote hata shilingi moja aliyokopa. Mimi naamini hiyo ndiyo sababu ilikubalika.

Kilichobaki ni ile 15, na hapa ndipo nyinyi mnapoingia. Muwe makini, kwa sababu hesabu imegeuka. Zamani, ukishusha kiwango cha makato ulikuwa unamwachia mtu tozo imle kwa miaka mingi zaidi. Leo tozo haipo. Milioni 12 kwa 105,000 kwa mwezi inaisha kwa miaka 9 na nusu. Kwa 56,000 inaisha karibu miaka 18, lakini jumla ni ileile milioni 12. Mkopaji hapotezi kitu kwa kuchelewa. Anayepoteza ni mfuko: fedha inarudi polepole, na shilingi ya mwaka wa 18 hainunui inachonunua ya leo. Mkikana hilo mezani mtaonekana hamjui mnachosema. Likubalini, halafu mpendekeze viwango vya ngazi, kama kodi ilivyo: wa mshahara wa chini akatwe 8, wa katikati 10 au 12, wa juu abaki na 15. Binafsi naona ndilo dai lenye nafasi kubwa zaidi kwa sasa, japo wenzangu wengine bado wanataka 8 kwa wote.

Na mjue nani ana kalamu. Mkurugenzi wa Bodi hawezi kushusha 15 hata akilia na nyinyi, maana kiwango kiliwekwa na Bunge kwenye sheria. Kumwandamia ni kuchosha miguu. Dai la sheria linapelekwa wizarani, kwa wabunge na kwenye kamati za Bunge zinapopokea maoni ya wadau, na kwa kalenda yetu ya bajeti muwe mmekamilisha makaratasi kabla ya Bunge la Aprili. Mkifika Juni mko nje ya mlango. Lakini mtu aliyemaliza deni na bado anakatwa, au aliyekatwa na mwajiri ambaye hapeleki fedha, huyo hana shida ya sera. Msimchanganye kwenye risala. Muende naye Bodi na taarifa ya deni na slipu zake, mwezi kwa mwezi. Mambo ya namna hii yanatatulika, na tawi linalotatua mawili matatu linapata watu wa kulisikiliza kwenye lile kubwa.

Majirani zetu wa Kenya walipita njia nyingine. HELB, bodi yao ya mikopo, inatoza riba ya asilimia 4, na asiyelipa amekuwa akipigwa faini ya shilingi 5,000 za Kenya kila mwezi, kwa hiyo deni dogo liligeuka mlima. Wakopaji wakaenda mahakamani, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ikasema riba na faini havipaswi kupita fedha iliyokopwa. Marekani nako kuna la kujifunza: mpango wa Rais Biden wa mwaka 2022, wa kumfutia kila mkopaji wa elimu hadi dola 10,000, au 20,000 kwa waliotoka familia maskini, uliangushwa na Mahakama ya Juu Juni 2023 kwa kuwa hakuwa na mamlaka hayo kisheria. Lakini msamaha wa watumishi wa umma, ambao Bunge lao liliuandika kwenye sheria mwaka 2007, ukaendelea. Kwa hiyo mkiahidiwa kitu, ulizeni kwa heshima kitaandikwa wapi na kitaanza mwezi gani.

Wanafunzi walioko chuoni, kupitia TAHLISO, jumuiya ya wanafunzi wa elimu ya juu, waendeeni mapema. Msipowafuata nyinyi watafuatwa na wengine, waambiwe kaka zenu wanataka kula fedha zenu.

Ujumbe wa kwenda wizarani usizidi watu wanne. Mmoja awe mwenye mshahara mdogo na slipu safi. Mmoja ajue hesabu bila kuangalia simu. Mmoja aandike kila jibu, pamoja na jina na cheo cha aliyelitoa. Na wa nne awe mtu aliyekwishamaliza kulipa, mwenye cheti chake mkononi. Huyo hana anachodai, na hakuna atakayemwambia anakimbia deni. Mara nyingi ndiye anayeulizwa maswali kuliko wote, kwa hiyo muandaeni vizuri.