Taimukodi haifanyi kazi ya jenloki

Umeuliza kwa nini picha inaruka ukihama kutoka kamera moja hadi nyingine kwenye swichi ya video, ilhali taimukodi zote zinalingana. Taimukodi huipa kila fremu, yaani kila picha moja ya video, namba ya saa tu, haiamui fremu ianze lini hasa. Hiyo ni kazi ya jenloki, yaani kuzifunga kamera kwenye wakati mmoja: jenereta moja ya mawimbi ya usawazishaji (si ya umeme) inapiga mdundo, kamera zote zinaufuata. Mpigo wa trai-levo (wenye ngazi tatu za volti), unaotumika kwenye video ya HD, hushuka milivolti 300 kisha hupanda milivolti 300 juu ya sifuri, na pale unapoikata sifuri ukipanda ndipo kamera inaposhika wakati. Kama umeziunganisha kamera kwa mnyororo, kebo ikitoka moja kwenda nyingine, kizibo cha omu 75 (kinachofunga mwisho wa kebo ili mawimbi yasirudi nyuma) kiwe kwenye kifaa cha mwisho pekee. Watu huziba kila kifaa, mawimbi yanadhoofika, halafu kamera ndiyo inalaumiwa!